Mkalimani Hakunipa Chai

Nyumbani kwake nilikunywa chai siku moja tu. Naanza na hilo kwa sababu kwenye mazishi yake, kila aliyesimama kuzungumza alisifu chai yake. Walisema mgeni alikuwa hajakaa vizuri, kikombe kimeshafika, maziwa ya ngamia, sukari mpaka kijiko kinachoka. Mimi nilikaa nyuma. Walisema kweli, niliona wageni wengi wakinywa. Mimi nilikuwa napewa kigoda.

Tulimwita Mkalimani. Alikuwa mama aliyetafsiri kesi katika mahakama ya Lodwar mpaka akastaafu. Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Angekuwepo angevua miwani aulize hayo yanahusiana vipi na kesi.

Kesi yetu ilikuwa ya wanyama. Wakati wa korona minada ilifungwa. Mimi ni dalali wa mbuzi Kakuma, na dalali bila mnada ni mtu anayezungumza peke yake. Basi watu wakaanzisha kundi la simu, wakituma picha za mbuzi ili kutafuta wanunuzi. Wanunuzi hawakupatikana. Picha zikabaki, na watu wakaanza kubishana mbuzi wa nani anapendeza zaidi. Baadaye zikaja picha za wanyama ambao hakuna mtu angewauza wala kuwanunua: paka, njiwa, punda mzee, mbwa wa mlangoni. Ubishi ukageuka matusi. Mtu mmoja akaandika, "Tutafuteni jaji." Mwingine akajibu, "Jaji hatuna. Lakini tuko na mkalimani wa jaji."

Hivyo ndivyo alivyopata kiti. Korona ikaisha, minada ikafunguliwa, mashindano yakaendelea. Kila mwisho wa mwezi, mwenye mnyama anatuma picha moja na video moja fupi ya mnyama akitembea. Jaji anawapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kila mmoja anaandikiwa sentensi moja ya sababu. Mshindi anapata heshima ya picha yake kuwekwa kuwa sura ya kundi kwa mwezi mzima. Utasema hilo si kitu. Nimewaona watu wazima, wenye watoto wa sekondari, wakiacha kusalimiana kwa sababu ya hilo.

Hukumu aliiandika, kisha akaisoma kwa ujumbe wa sauti, na aliisoma akiwa amesimama. Hakuna aliyemwona isipokuwa binti wa dada yake, msusi aliyekuwa akiishi naye, na mimi nilipokuwa Lodwar. Aliiweka simu juu ya kigoda, akanyoosha leso, akapanga shanga zake shingoni, akaondoa tumbaku mdomoni, kisha akasema, "Kimya mahakamani." Simu ilikuwa kimya tangu mwanzo.

Alikuwa na tabia moja iliyotusumbua sana. Miaka mingi ya kutafsiri ilimfundisha kusema maneno ya mtu mwingine kama vile ni yake. Mshtakiwa akisema "sikuiba", mkalimani hasemi "anasema hakuiba". Anasema "sikuiba". Basi naye hakuweza tena kuacha. Siku moja alinipigia simu asubuhi. "Mimi nimeibiwa kuku na siongei tena na dada yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na uchungu. Nilianza kumpa pole. Akanikatiza: "Si mimi, Dalali. Ni jirani." Kwenye mashindano ilikuwa hivyo hivyo. Alisoma maelezo ya paka wa duka moja la Kakuma, duka la Msomali mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina, na sote tukamsikia yule mama mzima akitamka kwa heshima: "Mimi nalala juu ya magunia ya mchele. Panya wananijua kwa jina."

Nilijifunza kazi ya ujaji kwake, na nilianza vibaya.

Tatizo langu lilikuwa jicho. Jicho la dalali likimwona mnyama linaona kilo. Sikuwa peke yangu. Kwetu mtu yeyote, hata kasisi, ukimwonyesha mbuzi atakwambia kwanza ni wa sherehe gani. Lakini mimi nilizidi. Mkalimani alinipa wanyama wachache nijaribu kuwaandikia sentensi. Kuhusu kondoo wa muuguzi mmoja wa Lodwar, kondoo aliyelelewa kwa chupa na kulala ndani ya nyumba, niliandika: "Huyu anatosha sikukuu yote na supu ya kesho yake." Kuhusu paka wa duka niliandika: "Hana mafuta." Muuguzi alilia akatoka kwenye kundi. Mwenye duka alinitumia ujumbe wa sauti.

"Walahi wewe Dalali, paka yangu unataka kuchinja? Paka? Wewe ni mtu ama fisi?"

Mkalimani hakunikemea. Aliniita Lodwar. Nilipofika kwa gari la abiria, mavumbi mpaka kwenye nyusi, nilikaa kwenye kigoda na kungoja chai. Haikuja. Yeye alikuwa na kikombe mkononi.

"Ejok, Dalali," akanisalimu. "Una kiu?"

"Sana, Mama."

"Kuna bomba la kanisa hapo nje. Maji yake ni mazuri."

Akanieleza sheria, na alikuwa na sheria chache. Jaji hali wala hanywi katika nyumba ya mtu yeyote wa kundi. Jaji hafugi mnyama. Jaji hamhukumu mwenye mnyama, anamhukumu mnyama.

"Lakini Mama, wewe huna mnyama. Nikinywa chai yako nitampendelea nani?"

"Leo sina," akasema. "Chai haisahauliki."

Nilimwona mchoyo. Nilikwenda kwenye bomba la kanisa.

Alinifundisha kumtazama mnyama mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili bila kutazama, kusikiliza tu. Ukisikiliza unamjua mwenye mnyama: anayemwita mnyama kwa upole na anayemwita akiwa ameshika fimbo. Alinifundisha kuishuku picha. "Picha haikojoi," alikuwa akisema, yaani picha inakuonyesha mnyama ambaye hasumbui mtu, na mnyama wa namna hiyo hayuko duniani. Ndiyo maana alidai video ya kutembea. Asiyetembea alikuwa wa mwisho, hata awe mzuri namna gani.

Na kuhusu wa mwisho alikuwa mkali kuliko yote. "Wa kwanza hatasoma sababu yako," aliniambia. "Atakuwa anarukaruka. Wa mwisho ataisoma asubuhi, ataisoma jioni, atamsomea mke wake. Basi sentensi yako nzuri mpe huyo. Na iwe kweli. Mtu anaweza kuishi na sentensi ya kweli. Ya kumbembeleza inamwasha kama upupu."

Wadanganyifu walimfurahisha. Dereva mmoja wa shirika la misaada alituma picha ya mbwa mweupe wa manyoya marefu, amekaa kwenye nyasi za kijani mpaka upeo wa macho. Vijana wa Kakuma walishangilia. "Huyu dogi ni noma! Ameshinda tayari." Mkalimani alitulia mpaka jioni, ndipo sauti yake ikaja, ya upole.

"Mheshimiwa mshiriki, mimi sina neno na mbwa. Hizi nyasi ziko Lodwar wapi? Taja mahali, tupeleke mbuzi."

Kundi lote liliacha mbwa likadai nyasi. Mzee mmoja wa Kalokol hakucheka kabisa. Aliuliza kwa dhati kama kuna njia ya pikipiki. Dereva alitoka kwenye kundi. Baadaye alirudi na kuku wake mwenyewe, kuku wa kawaida kabisa, na Mkalimani akamweka wa tatu.

Mzee huyo wa Kalokol ndiye aliyeleta samaki. Alikuwa sangara ndani ya beseni, amekunja mkia kwa sababu beseni lilikuwa dogo. Ubishi ulikuwa mkubwa: samaki ni mnyama wa kufugwa au ni mboga? Mkalimani alisema anayeogelea ametembea, aingie. Siku ya hukumu alitaka kujua hali ya mshiriki.

"Mzee, samaki wako anaendeleaje?"

"Alikuwa mtamu," mzee akajibu.

Akahukumiwa kwa kutofika mahakamani.

Usidhani alikuwa mtu wa sheria tu. Alizivunja, na alizivunja kwa namna ambayo hadi leo watu wanabishana. Mchungaji mmoja wa ng'ombe kutoka pande za Nariokotome alitangaza kwamba ataleta dume lake alipendalo. Wazee wetu kila mmoja ana dume lake moja analoliimbia. Video ilipofika, dume halikuwemo. Alikuwemo mzee mwenyewe, peke yake kwenye mchanga, ameinua mikono juu ya kichwa kuonyesha pembe, mkono mmoja umepinda mbele na mwingine umelala nyuma, akiimba na kukanyaga ardhi. Basi. Video ikaisha.

Mwenye duka alipiga kelele. "Ng'ombe iko wapi? Mimi naona mzee tu! Mama, hii ni wizi!"

Lakini Waturkana wote wa kundi walinyamaza, na mimi mmoja wao, kwa sababu sisi tulikuwa tumeliona hilo dume. Jekundu, na baka jeupe begani, pembe moja inatazama njia na nyingine inatazama nyumbani. Hata leo nikikutana nalo mnadani nitalijua. Mkalimani alilipa nafasi ya pili. Sababu yake ilikuwa: "Ameonekana."

"Ameonekana na nani?" mwenye duka akauliza.

"Na mahakama," akajibu, na hakueleza zaidi.

Kadhalika na majogoo. Alijitangaza kuwa hana chuki na kiumbe chochote, kisha akakataa kuhukumu jogoo hata mmoja, maana jogoo wa jirani alikuwa akimwamsha usiku wa manane. Paka aliwaita wezi waliovaa vizuri, na paka ndio walioshinda mara nyingi. Alisema mashindano haya ni mchezo wa watu wasio na kazi, na siku mtandao ulipokatika Lodwar alitembea juani mpaka kilimani, ameshika simu juu kama taa, akitafuta mahali pa kutuma hukumu.

Kisha akaugua. Hakusema anaugua nini, alisema tu kwamba anaachia kiti na kwamba anapendekeza Dalali ajaribiwe mwezi mmoja. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa mambo makubwa zaidi. Mimi niliacha shule darasa la sita. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nikalie kiti chochote. Kundi halikufurahi.

"Dalali? Atatupima kwa kilo!"

"Paka yangu ataandikwa mchuzi."

Aliyenitetea ni fundi cherehani mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mama Mkongomani mwenye bata. "Tumujaribu tu," alisema. "Akisema bata yangu ni ya kula, mimi mwenyewe nitamutoa."

Washiriki wakaja mmoja mmoja. Wa mwisho kuja alitumwa kutoka simu ya binti wa dada yake Mkalimani. Alikuwa mbwa mzee, rangi ya vumbi, sikio moja. Nyuma yake niliuona mlango wa buluu ninaoujua.

Kabla sijapumua, binti yule alinipigia.

"Uncle, Mama hataki ujue, lakini heri ujue. Mbwa ni wake."

Akanieleza. Mbwa huyo alikuwa akilala kwenye uwanja wa mahakama, hana mwenyewe. Siku moja alimfuata Mkalimani mpaka nyumbani akajilaza mlangoni. Akafukuzwa, akarudi kujilaza. Mkalimani alipoanza kuugua, mbwa akahamia ndani, chini ya kitanda. Siku aliyokubali kwamba ni mbwa wake, ndiyo siku aliyoachia kiti. Jaji hafugi mnyama.

"Sasa mimi nitaenda kwa mume wangu Kitale, na yeye hataki mbwa," binti akasema. "Mama anajua haponi. Anafikiri mbwa akishinda, au hata akiwa wa pili, kuna mtu kwa kundi atamtaka. Usimwambie nimekuambia."

Niliitazama ile video bila sauti. Mbwa amekaa, anatazama juu, nyuma ya simu. Binti anaonekana mkono wake ukimwita, ukimrushia kipande cha mfupa. Mbwa hageuki. Niliisikiliza bila kutazama. Hakukuwa na mwito wala fimbo. Kulikuwa na mtu anayekohoa karibu na simu, basi. Mbwa hakutembea hata hatua.

Siku ile nilizunguka mnada wa Kakuma nisisikie bei. Ningeweza kumweka wa tatu. Nani angejua sababu? Mlango wa buluu niliujua mimi tu. Lakini yeye angejua. Yeye angesoma asubuhi, angesoma jioni.

Nikasimama nyuma ya boma la mbuzi, nikaweka simu juu ya jiwe, nikasema kimya mahakamani. Mbuzi hawakunyamaza. Bata akawa wa kwanza, kwa sababu alitembea mbele ya yule fundi cherehani kama chifu. Paka wa duka wa pili. Nikafika kwa wa mwisho, nikasema: "Mbwa wa sikio moja ni wa mwisho kwa sababu amekataa kutembea, na amekataa kutembea kwa sababu hataki kumwacha mtu aliye nyuma ya simu; sheria yetu haina alama za jambo hilo."

Mwenye duka akaandika, "Hukumu safi." Wengine walituma mioyo myekundu, mingi. Hakuna aliyesema atamchukua mbwa.

Kesho yake nilipanda gari la Lodwar.

Nilimkuta amelala uwanjani kwenye mkeka kando ya ukuta, amekonda mpaka shanga zake zilionekana kuwa za mtu mwingine. Mbwa alikuwa ameweka kidevu kwenye kifundo cha mguu wake. Nilivuta kigoda changu.

"Ejok, Mama."

"Ejok. Umemfunga mteja wangu."

"Hakutembea, Mama."

"Hakutembea," akakubali. Aliinuka kidogo kwa kiwiko. "Lakini hajasomewa kwa lugha anayoielewa. Hukumu kama hiyo inabatilika."

Akamgeukia mbwa, akamsomea sentensi yangu yote kwa Kiturkana, polepole, bila kuongeza wala kupunguza, kama alivyowasomea watu kwa miaka yote ile. Mbwa alimtazama mdomoni. Alipomaliza alimuuliza kama ameelewa. Kisha akanigeukia mimi, akavaa ile sauti yake ya kazi.

"Nimeelewa, mheshimiwa. Naomba kujitetea."

"Jitetee," nikasema.

"Mimi ni mzee. Sikuiba, ila mifupa, na nimekiri. Sisumbui usiku. Sina mtu mwingine."

Nilikuwa nimeizoea "mimi" yake. Siku zote niliweza kujua ni ya nani. Siku ile sikujua kama ni ya mbwa au ni yake mwenyewe.

"Nitamchukua," nikasema.

"Nani?"

"Mbwa. Aje Kakuma."

Akavaa miwani yake kunitazama. "Dalali, unajua sheria. Ukimchukua, kiti kimekwenda. Umekikalia mara moja tu."

"Kimekwenda. Mpeni yule mama wa bata."

"Ana bata."

"Basi bata ataliwa mwezi wa kumi na mbili," nikasema, na yeye akacheka mpaka akakohoa, na mbwa akanitazama vibaya.

Alipotulia akamwita binti wa dada yake. "Lete chai. Ya Dalali."

Binti alisimama mlangoni, hajui kama amesikia vizuri. "Ya Uncle?"

"Si jaji tena. Mpe kikombe kile kikubwa."

Chai ilikuja. Walichosema kwenye mazishi ni kweli, kijiko kilichoka. Nilikuwa nimeinua kikombe mara ya kwanza pale mbwa alipoinuka. Alijinyoosha nyuma, akajinyoosha mbele, akatembea. Alitoka mguuni kwa Mkalimani, akazunguka uwanja kwa mwendo mzuri, kichwa juu, sikio lake moja limesimama, mpaka kwangu. Akaninusa goti, akazunguka kigoda, akarudi kwake taratibu, akaweka kidevu palepale. Hakuna mbwa aliyetembea hivyo katika mashindano yetu yote.

Nilikuwa nimeshaanza kupapasa mfukoni kutafuta simu.

"Iache," Mkalimani akasema, amefumba macho. "Ushahidi umefungwa. Kunywa chai."